Mwiba wa Yai la Kichocho: Elimu ya Vimelea Kutoka Hadubini Hadi Kompyuta

Yai la kichocho halifiki hata sehemu ya tano ya milimita kwa urefu. Umbo lake ni kama la yai la ndege lililovutwa kidogo, na lina mwiba. Mwiba huo ukiwa nchani, yai ni la mnyoo uitwao Schistosoma haematobium, ukaao katika mishipa ya damu ya kibofu cha mkojo. Mwiba ukiwa ubavuni, yai ni la Schistosoma mansoni, ukaao katika mishipa ya matumbo. Mwanafunzi wa tiba asiyeweza kutofautisha miiba hii miwili hawezi kusema kwamba ameliona yai, hata kama limekuwa mbele ya jicho lake kwa saa nzima.

Wasomaji wetu, ambao wengi wao ni walimu wa Kiswahili, watauliza mambo haya yanawahusu nini. Tunakusudia kuonyesha kwamba yanawahusu, na tena kwa karibu. Lakini kwanza hapana budi tupite katika historia yenyewe: namna wanadamu walivyohangaika, kwa muda wa zaidi ya miaka mia tatu, kumwonyesha mtu mwingine kitu kisichoonekana.

Elimu ya vimelea ina tabu moja iliyo yake hasa. Mwalimu wa jiografia huuonyesha mlima kwa kidole, na darasa zima likautazama. Mwalimu wa vimelea huinama juu ya hadubini, akatazama, akaondoka. Kisha mwanafunzi huinama mahali pale pale, wala hapana njia ya kuhakikisha kwamba alichokiona wa kwanza ndicho anachokiona wa pili. Povu la hewa lina duara zuri kuliko yai lolote. Chavua ya maua ikianguka katika sampuli huwa na miiba ya kutosha kumdanganya mtu mwaka mzima. Sisi wenyewe tuliwahi kusimama katika maabara ya chuo kimoja, tukaona wanafunzi zaidi ya thelathini wakipanga mstari nyuma ya hadubini moja. Kila mmoja aliinama kwa nusu dakika, akasema "Nimeona", akampisha mwenzake. Walipotakiwa kuchora walichokiona, michoro ilikuwa ya namna nyingi kupita kiasi.

Neno lenyewe kimelea, twaona, ni zuri. Limetoka katika kumea, kwa njia ya kumelea, yaani kumea juu ya kitu kingine. Waliolitumia kwanza walikuwa wakitazama miti: walikiona kimea kigeni kimeshika tawi la mwembe, kikila jasho la mwembe. Kuliazima neno hilo kwa minyoo na vijidudu vya damuni kulikuwa kuazima kwa akili. Ila kimelea cha mtini chaonekana na kila apitaye. Cha damuni hakionekani.

Aliyefungua mlango huo alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Alisaga lensi ndogo kwa mkono wake, na mwaka 1681, alipokuwa akiharisha, alikitazama kinyesi chake mwenyewe akaona vijidudu vinavyotembea. Wataalamu wa leo wanavitambua kuwa ni Giardia. Aliwaandikia habari hizo mabwana wa Royal Society ya London, na kwa kuwa hakuwa hodari wa kuchora aliajiri wachoraji. Lakini lensi zake zilizo bora kabisa hakumwonyesha mgeni yeyote, wala hakufundisha mwanafunzi namna ya kuzitengeneza. Elimu ya vimelea ilianza, basi, kwa mtu aliyeona sana na asiyemfundisha mtu.

Mwalimu aliyeligeuza jambo hilo alikuwa Rudolf Leuckart wa Leipzig, Ujerumani. Kuanzia mwaka 1877 alianza kutoa picha kubwa za kutundika ukutani, zenye kuonyesha wanyama na miongoni mwao minyoo, kwa ukubwa ambao mwanafunzi wa benchi la mwisho aliweza kuuona. Picha hizo zilienea katika vyuo vya nchi nyingi. Kwa mara ya kwanza darasa zima lilitazama mnyoo mmoja, na mwalimu akaweka fimbo yake juu ya kiungo anachokitaja. Ulikuwa mchoro tu, haukuwa mnyoo mwenyewe. Hata hivyo mabishano ya "uliona nini" yalipungua.

Katika wanafunzi wa Leuckart alikuwamo Arthur Looss, na hapa historia yetu yaingia Afrika. Looss alihamia Cairo, akafundisha katika chuo cha utabibu cha huko. Mkono wake ulikuwa mwepesi na jicho lake kali. Siku moja, akifanya kazi na viluwiluwi vya mnyoo wa safura, maji yenye viluwiluwi hivyo yalimmwagikia mkononi. Ngozi ikamwasha. Baadaye alikuta mayai ya safura katika choo chake, akatambua kwamba mnyoo huo huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Habari hizo alizitangaza mwaka 1898, na mpaka leo tunapowaambia watoto wavae viatu tunafuata ajali ya mkono wa Looss.

Lakini mtu huyu huyu, aliyeona lile ambalo wengine hawakuliona, alishindwa na mwiba wa yai la kichocho. Mnyoo wenyewe ulikuwa umegunduliwa Cairo na Theodor Bilharz mwaka 1851. Baadaye baadhi ya waganga, hasa Patrick Manson na Louis Sambon, walianza kudai kwamba mayai yenye mwiba ubavuni ni ya mnyoo wa aina nyingine. Sambon akaupa mnyoo huo jina la mansoni mwaka 1907. Looss alikataa kwa ukali. Alishikilia kwamba mnyoo ni mmoja, na kwamba mwiba wa ubavuni ni kasoro tu ya mayai ya majike ambayo hayajapandwa. Aliyatazama mayai yale yale waliyoyatazama wapinzani wake, akaona jambo jingine.

Shauri hilo halikukatwa kwa kutazama mayai. Mwaka 1915 Robert Leiper alitumwa Misri kutoka Uingereza, kwa kuwa askari walikuwa wakiugua, naye akaenda kwenye mifereji kuokota konokono. Alionyesha kwamba konokono wa jamii ya Bulinus hutoa kichocho chenye yai la mwiba wa nchani, na konokono bapa, ambao siku hizi huitwa Biomphalaria, hutoa chenye yai la mwiba wa ubavuni. Minyoo ilikuwa miwili, na Looss, ambaye vita vya mwaka 1914 vilikuwa vimekwisha kumwondoa Misri kwa kuwa ni Mjerumani, alikuwa amekosea. Tunakisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu tutakirudia.

Huku kwetu kwenye maziwa kuna kisa cha pili kinachofanana nacho. Mwaka 1901 Albert Cook na nduguye, waganga wa hospitali ya Mengo, walitangaza kuwapo kwa malale katika Uganda. Ugonjwa huo ulienea Busoga na kando zote za kaskazini ya Ziwa Victoria, na inakadiriwa kwamba uliua watu zaidi ya 200,000 katika miaka iliyofuata. Tume ya wataalamu ilifika Entebbe mwaka 1902, na ndani yake alikuwamo kijana wa Kitaliani, Aldo Castellani. Akitazama maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, Castellani aliona vijidudu vyenye mkia vikichezacheza. Aliviona, lakini akili yake ilikuwa imekwisha kuelekea kwa bakteria fulani aliyedhani ndiyo asili ya ugonjwa. David Bruce alipowasili mwezi wa Machi mwaka 1903 na kuambiwa habari za vijidudu hivyo, alivitambua mara moja uzito wake, maana alikuwa ameviona vya jamii hiyo hiyo katika ng'ombe wa Zululand miaka kadhaa nyuma. Baadaye watu waligombana sana juu ya nani apewe sifa. Ugomvi huo hautushughulishi. Kinachotushughulisha ni kwamba slaidi ilikuwa moja na macho yalikuwa tofauti.

Shule ya utabibu ilianzishwa Mulago mwaka 1924, na vyuo vingine vikafuata katika Afrika ya Mashariki. Vyombo vya kufundishia vilivyofuata twaweza kuvipitia upesi: sindano nyembamba ndani ya hadubini ya kumwelekeza mwanafunzi kwenye kijidudu, picha zilizopigwa kwa kamera, filamu ndogo za kuangazwa ukutani, kisha kamera ya televisheni juu ya hadubini. Kila kimoja kilisaidia, na kila kimoja kilikuwa na kasoro ile ile ya picha ya Leuckart: mwalimu ndiye aliyechagua mahali pa kutazama. Mwanafunzi alionyeshwa yai, hakulitafuta.

Mabadiliko makubwa yalikuja kompyuta zilipoweza kuihifadhi slaidi nzima. Mashine huipitia slaidi sehemu kwa sehemu, ikipiga picha maelfu; kompyuta huziunga kama fundi aungavyo vigae vya sakafu, mpaka slaidi yote ikawa picha moja kubwa sana. Mwanafunzi aliyekaa mbali huweza kuisogeza picha hiyo kushoto na kulia, kuisogelea na kuiacha, akatafuta yai mwenyewe. Mwalimu naye huweza kuweka mshale mahali pamoja, na wanafunzi mia wakaona mahali pale pale. Mwaka 2008 wataalamu wa Uswidi na Ufini walichapisha habari za mkusanyiko wa namna hiyo uliotengenezwa kwa ajili ya vimelea hasa, wa kufundishia na wa kupimia ustadi wa maabara. Huko Atlanta, Marekani, kituo cha serikali cha kuzuia magonjwa, CDC, kina hazina ya picha za vimelea iitwayo DPDx, na watu wa maabara huweza kupeleka picha za vitu vinavyowatatiza wakajibiwa. Vyuo vilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, hazina kama hizi ziliwaokoa walimu wengi.

Yafaa kusema kwamba haja ya vitu hivi haikuanzia kwetu. Katika nchi za Ulaya ya Kaskazini vimelea vimekuwa adimu, na wataalamu wao wakaanza kuogopa kwamba wanafunzi watamaliza masomo pasipo kuona yai hata moja. Wao wana hadubini nyingi na minyoo michache; sisi mambo yetu ni kinyume. Chombo kimoja kinatibu njaa mbili zisizofanana, jambo ambalo ni nadra.

Hata hivyo wafundishao wanatuambia yaliyopungua. Kwenye hadubini mkono hauachi kuzungusha skrubu. Yai lina unene, na mwiba wa ubavuni huweza kujificha chini mpaka lensi ishushwe kidogo. Picha ya tabaka moja huonyesha tabaka moja tu. Zipo picha za tabaka nyingi, lakini ni nzito, na intaneti ya vyuo vyetu haikujengwa kwa mzigo huo. Aidha, slaidi za hazina ni slaidi zilizochaguliwa. Rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la mtaalamu wa Hamburg aliyeieleza mwaka 1904, yataka maji yasiyo na ukali wa asidi. Maji yakiwa mabaya, rangi haishiki inavyopaswa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa picha safi peke yake hajawahi kukutana na maji mabaya. Wala hajajua uchovu wa kutazama nyanja mia moja za tone nene la damu kabla ya kuthubutu kuandika kwamba hapana malaria.

Makerere nako wamefanya jambo lao. Watafiti wa kompyuta wa chuo hicho walifunga simu ya mkononi juu ya hadubini ya kawaida, wakapiga picha za damu, za makohozi na za choo, kisha wataalamu wa maabara wakatia alama juu ya kila kijidudu na kila yai, ili kompyuta ijifunze kwa alama hizo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Hapo mwanafunzi ni mashine, ila mwalimu ni yule yule wa siku zote: mtu mwenye jicho lililozoea, akisema "Hiki, na hiki, hicho siyo."

Sasa turudi kwetu walimu wa lugha, na kwenye mwiba wa yai.

Majina ya magonjwa katika Kiswahili yaliwekwa na watu walioona mwili, si mnyoo. Safura ni neno la Kiarabu la umanjano, kwa kuwa mgonjwa hupauka. Malale ni kulala. Matende ni uvimbe wa miguu, na mabusha ni uvimbe wa korodani; ni majina mawili, na kwa mzee wa pwani ni magonjwa mawili, ingawa katika nchi zetu za pwani yote mawili huletwa na mnyoo mmoja, Wuchereria bancrofti, upitishwao na mbu. Katika kichocho mambo yamegeuka: jina ni moja na minyoo ni miwili. Twaweza kusema kwamba Kiswahili chetu cha kila siku kingali upande wa Looss.

Pwani jambo hilo halikuleta madhara makubwa. Unguja na Pemba kichocho kilichopo ni kile cha mkojo, na mtu akisema kichocho ni ugonjwa wa kukojoa damu anasema kweli. Maana hiyo ndiyo iliyosafiri pamoja na lugha, ikaingia katika madaftari ya shule za bara. Lakini kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Albert kichocho kilichotapakaa ni kile cha matumbo. Mgonjwa wake hakojoi damu. Huumwa tumbo, huharisha, pengine hutoa damu katika choo. Miaka ikipita ini na wengu huvimba, na mwisho huweza kutapika damu akafa. Mtoto wa mvuvi aliyefundishwa na sisi kwamba kichocho ni kukojoa damu huutazama mkojo wake, akauona mweupe, akaenda kuogelea.

Nasi tulilishuhudia jambo hili darasani. Katika chuo kimoja mkufunzi alikuwa akionyesha yai la mansoni kwenye skrini, kubwa kama mkungu wa chungu, na mwiba wake ubavuni. Somo lilikuwa kwa Kiingereza na jina lilikuwa la Kilatini. Mwanafunzi mmoja wa kike, mwenyeji wa ziwani, aliinua mkono akauliza kwa Kiswahili:

"Mwalimu, mama aliyeleta choo hiki nitamwambia ana nini?"

"Mwambie ana kichocho."

"Atasema hakojoi damu."

Mkufunzi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mwambie ana minyoo." Darasa likacheka, na yule binti hakucheka, kwa maana alijua kwamba mwenye kuambiwa ana minyoo hununua dawa ya minyoo dukani, na dawa hiyo haiui kichocho.

Madhara hayaishii kwenye maelezo. Yai la haematobium hutafutwa katika mkojo, na la mansoni katika choo. Mtu akifika zahanati akasema anashuku kichocho, na karani akamwambia alete mkojo, yai la mansoni halitapanda juu ya slaidi kamwe, na simu iliyofungwa juu ya hadubini itatoa jibu lililo sahihi kabisa kwamba katika mkojo huu hakuna kitu. Ni kweli kwamba dawa ya kichocho cha namna zote mbili ni moja, yaani praziquantel. Lakini hupewa aliyegunduliwa, au aliyekuwapo siku ya ugawaji.

Kamusi za sayansi tunazo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi imeendelea. Kinachokosekana ni maneno hayo kushuka chini ya picha. Sisi twapendekeza kwamba katika darasa lolote la bara neno kichocho lisisimame peke yake: liwe kichocho cha mkojo au kichocho cha matumbo, na mwalimu aeleze ni kwa nini. Ni maneno ya kawaida, yanafahamika na mvuvi na daktari, na baadhi ya watu wa afya wamekwisha kuyatumia. Mwalimu aliye karibu na chuo chenye hazina ya picha aombe picha za mayai yale mawili, aziweke bega kwa bega, awaulize wanafunzi mwiba uko wapi kabla hajawapa jina.

Bado tuna shida ya majina ya konokono. Bulinus na Biomphalaria wote kwetu ni konokono tu, na yule bapa, aliyejikunja kama kamba iliyoviringishwa, huokotwa na watoto katika majani ya ukingoni kila siku. Yamkini wavuvi wa ziwa moja au jingine wana jina lake. Mwenye kulijua na atuandikie, pamoja na mahali alipolisikia.